Buni Zilizochachia Tangini

"Nubia, hivi mumeo siku hizi analala na buni?"

Jirani yake Otilia ndiye aliyemuuliza hivyo wakitoka kanisani Jumapili, huku anacheka. Nubia naye akacheka, ingawa mgongo ulikuwa unamuuma kwa kuchuma kahawa wiki nzima mteremkoni.

"Mwache mume wa watu. Kwa mama yake kule juu ni baridi, buni zikilowekwa zinachelewa kuachia ute. Lazima mtu awe karibu na tangi, ute ukiachia tu aoshe."

"Haya, shoga. Mimi nimeuliza."

Swali lile halikumtoka akilini. Tangu msimu uanze Evelio alikuwa anapanda kwa mama yake, na meseji zake zilikuwa zilezile:

"Mke wangu, ute bado. Nalala huku, usinisubiri."

Na asubuhi:

"Nimeamka naosha buni. Mungu akubariki."

Nubia anajibu amina, anafunga kikapu kiunoni, anaingia shambani peke yake.

Alhamisi moja mama mkwe, Bi Herminda, akawaita waonje kahawa ya kwanza ya msimu. Ndivyo walivyozoea ukoo ule: buni za kwanza zinakaangwa jikoni kwa mama, na mkamwana ndiye anayeonja kabla sukari guru haijatiwa. Akiikubali, magunia yanapelekwa sokoni.

Nubia akapiga funda. Akapiga la pili.

"Vipi, mwanangu? Imetoka?"

"Mama, hii ni siki."

Evelio alikuwa mlangoni anavua mabuti. Akacheka.

"Umechoka wewe. Ukichoka kila kitu kichungu."

"Kuchoka nimechoka, ila ulimi ninao. Buni hizi zimekaa tangini mpaka zimeharibika. Nani aliziosha?"

"Si mimi? Si nilikutumia meseji?"

"Ulituma. Ute ukiachia, buni zinakwaruza mkononi, hata mtoto anajua. Na zikipitiliza zinanuka mpaka jikoni. Mtu aliyelala hapo juu ya tangi anakosaje kusikia, Evelio?"

"Baridi ya huku wewe huijui..."

"Baridi inachelewesha, haiharibu. Ulikuwa wapi?"

Nubia akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa ameshika rozari lakini midomo haitembei.

"Mama, mguu wako haukufikishi tangini, hilo najua. Lakini chumba chake kimepakana na chako. Alikuwa analala humu?"

Bi Herminda akainamisha kichwa.

"Nimemwambia amwache yule mwanamke. Nimemwambia mpaka sauti imekauka."

"Mama!" Evelio akaruka.

"Nyamaza! Umeniharibia kahawa, umeniharibia na nyumba." Akamtazama Nubia. "Ni Yanira, mwanangu. Yule wa mgahawa wa njia panda. Nilikuwa nasali akili zimrudie."

"Ulikuwa unasali, mama, au unanificha?"

Bibi wa watu machozi yakamdondoka juu ya rozari.

Evelio akapiga magoti palepale mlangoni, buti moja mguuni, moja mkononi.

"Mke wangu, shetani alinipitia. Naapa kwa Bikira..."

"Bikira mwache. Hakukutuma njia panda."

"Nimekosa. Nipige, nitukane, lakini usiniache. Miaka yote hii, Nubia!"

Nubia akaitafuta hasira, asiione. Aliona uchovu tu, ule wa mtu aliyebeba mzigo wa wawili huku mwenzake anatembea mikono mitupu. Akafumba macho, akamwomba Mungu moyoni ampe neno. Na kwa kweli neno la kusamehe lilikuwa limeshafika ulimini. Ndoa yake aliipenda. Na huyu mtu, Mungu anajua, alikuwa bado anampenda.

"Evelio," akaanza, taratibu.

Yeye akadhani anaagwa. Akamdaka sketi.

"Sasa ukiondoka, kahawa ya kule kwetu je? Imeiva yote, mvua hiyo inakuja. Nani atachuma?"

Hata mama yake aliziba mdomo kwa kiganja.

Nubia akamtazama kama mtu anayesoma jina mlangoni na kugundua nyumba si yenyewe. Akaweka kikombe mezani. Akaitoa sketi yake mkononi mwa Evelio, kidole kimoja kimoja, bila kumuumiza. Akajitanda shali, akampita pale alipopiga magoti, akatoka.