Ndiyo ya Deeqa

Mwaka wa 1999, kila Jumamosi alasiri, Deeqa alimaliza kunywesha mbuzi kisha akatoka mtaani kwao Galbet kwa haraka hadi ofisi moja ya mjini Garissa iliyokuwa na kompyuta. Yeye na binamu yake Fathi walikuwa wamechaguliwa kufundishwa hisabati na Mwalimu Mursal, aliyekuwa Nairobi. Mwalimu aliandika huko, na maneno yake yakachipuka hapa kwenye kioo, mstari baada ya mstari, kupitia waya wa simu. Nao wakamjibu papo hapo kwa kubonyeza herufi. Mwalimu wao wa shuleni, Mzee Gelle, aliketi nyuma akiwasimamia.

"Walaahi, waya mwembamba hivi unabebaje mwalimu mzima?" Deeqa alishangaa, akiinama kuchungulia nyuma ya meza.

"Keti vizuri, atakuona!" Fathi akamtania.

Siku hiyo somo lilikuwa uwiano. Mwalimu akaandika: "Mmeelewa?"

Deeqa hakuwa ameelewa hata chembe. Lakini tangu utotoni aliamini kwamba kumwambia mkubwa hujaelewa ni kumwambia hakufundisha vyema. Akabonyeza: "Ndiyo, Mwalimu."

"Vyema. Jumamosi ijayo mtihani. Atakayeanguka atampisha mwingine."

"Abaayo, dada yangu, umetuchinja!" Fathi akanong'ona.

Deeqa akamgeukia Mzee Gelle. Darasani, Mzee Gelle alitazama nyuso tu akajua nani amekwama. Huyu wa Nairobi hakuwa na uso wa kutazama. Alikuwa na lile neno la Deeqa tu, nalo lilikuwa la uongo.

Akaandika polepole: "Nisamehe, Mwalimu. Nilisema ndiyo, lakini hatukuelewa."

Kioo kikatulia.

"Amekasirika," Fathi akasema.

Kisha maneno yakaja: "Ahsante kwa kusema kweli. Chai ya kwenu hutiwa vikombe vingapi vya maziwa na vingapi vya maji?"

"Maziwa viwili, maji kimoja."

"Huo ndio uwiano. Wageni wakija, mkatia maji vikombe vinne, maziwa je?"

"Vinane!" Deeqa akapaza sauti.

"Andika, wewe! Hakusikii," Fathi akacheka.

Jumamosi iliyofuata wote wawili walifaulu. Mzee Gelle akawaita mbele yake.

"Heshima si kumpa mwalimu neno tamu," alisema. "Mwalimu asiyekuona huongozwa na neno lako. Ukimpa la uongo, umemfumba macho, na anayepotea njia ni wewe."