Mteremko Ulioachwa Wazi

Kila siku akitoka shuleni, Kasuku alivua sare, akala kilichofunikwa jikoni, kisha akachukua jembe na kumfuata baba yake shambani. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu alipokuwa mdogo mdomo wake haukupumzika. Lakini tangu mama afariki, mwaka uliopita, mtoto huyo alikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Shamba lao lilikuwa mteremkoni. Mama alikuwa amelikata kwa mistari ya majani marefu, kama alivyofundishwa na bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa serikali. Siku ya mafunzo Kasuku alikuwapo, akimshikia kamba. Alijua vizuri kazi ya majani yale: kuyapunguza maji mbio yasiondoke na udongo.

Jioni moja, mvua zikiwa karibu, baba aliyatazama majani yale, uso umemkunjika.

"Tuyang'oe," alisema. "Yanakula nafasi ya mahindi bure."

Kasuku alifungua mdomo aseme, "Baba, mama alisema..." Lakini alijua kwamba kila mama alipotajwa, baba alisukuma sahani na kutoka nje. Akayameza maneno yake, akainama, akang'oa.

Wiki chache baadaye, mahindi yakiwa yamechipua, mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi walikuta korongo limepasua shamba katikati. Mahindi machanga hayakuonekana, mawe tu. Bondeni, tope lilikuwa limefukia mboga za majirani, pamoja na bustani ya Mama Mapacha na kisima chake. Jirani huyo alisimama na ndoo tupu mkononi.

"Shamba lako limenihamia, jirani," alisema kwa sauti ya uchovu. "Hata hodi halikupiga."

Baba aliketi juu ya jiwe, akalia. Hata siku ya mazishi Kasuku hakumwona akilia hivyo.

"Baba, nilijua," Kasuku alisema. "Mama alinieleza kazi ya yale majani. Niliogopa kukuumiza."

Baba alijifuta machozi. "Mimi ndiye niliyekutia woga huo, mwanangu," alisema.

Kesho yake walikwenda ofisini kwa bibi shamba, chumba kidogo chenye viriba vya miche hadi dirishani. Aliwasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ingekuwa zamani, nilipohudumia kijiji kimoja, ningekuja kwako leo hii," alisema. "Sasa nimepewa vijiji vingi, na mpango wa serikali ni kufundisha vikundi. Tena maji hayajui mpaka wa shamba lako na la mwenzako. Kusanya majirani wa mteremko mzima, nami nitafika."

"Majirani hao hao niliowafukia mboga?" baba aliuliza.

"Hao hao," bibi shamba alijibu.

Basi wakapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango baba aliomba radhi, akawaalika waje kufundishwa na kuchimba pamoja, na wengine walimsema mpaka akainamisha kichwa mbele ya mtoto wake. Mama Mapacha aliwasikiliza huku akikuna nazi.

"Hasira ninazo, sikufichi," alisema. "Lakini nikikaa nazo tu, mvua nyingine itanikuta hapa hapa. Lini tunachimba?"

Bibi shamba alifika kama alivyoahidi. Aliwaonyesha jinsi ya kupima usawa wa ardhi, nao wakachimba makinga maji na kupanda majani upya toka juu hadi chini. Viganja vilitoka malengelenge. Walipomaliza, bibi shamba alichota udongo mwekundu.

"Ule mweusi wenye rutuba umekwenda mtoni," alisema. "Hatutaurudisha leo wala kesho. Tushike huu uliobaki."

Mavuno ya msimu ule yalikuwa haba, na siku nyingine walilala na uji tu. Lakini mvua iliyofuata ilipopiga, maji yalituama nyuma ya makinga, yakanywewa na ardhi taratibu. Baba na Kasuku walitazama wakiwa mlangoni.

"Heshima si kunyamaza, mwanangu," baba alisema. "Ukijua jambo la kutufaa, liseme, hata kama litaniliza. Nami nimejifunza kuuliza kabla sijang'oa." Akavuta pumzi. "Haya, niambie. Siku ile ya mafunzo mama yako alisema nini tena?"

Kasuku akaanza kusimulia, na baba akasikiliza huku machozi yakimtiririka. Hakuinuka kutoka nje.