Chumvi ya Ngurumo

Kila Jumamosi Nzilani aliamka mapema, akafagia uwanja, kisha akamsaidia baba yake kuwafunga mbuzi kamba za shingoni. Baba yake, Mwangangi, alikuwa mchuuzi wa mbuzi katika soko la Ikutha. Kazi ikiisha, Nzilani alikuwa huru kwenda kwa Abdiwahab.

Abdiwahab alikuwa na duka la kompyuta karibu na kituo cha petroli. Hapo watoto walicheza mchezo wa mazimwi kwenye tabuleti. Kila mchezaji alifuga zimwi, akamfundisha mapigo, kisha akampambanisha na zimwi wa mwenzake. Mwisho wa mwezi kungekuwa na mashindano, na mshindi angeenda kushindana mjini Sultan Hamud. Nzilani, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Zimwi wake aliitwa Ngurumo. Alikuwa na pembe nne na mabega kama ya fahali. Nambari ya nguvu iliyoandikwa kando ya jina lake ilikuwa kubwa kuliko za mazimwi wengine dukani. Hata hivyo, alishindwa kila mara.

"Jitu lako linatembea kama trekta iliyopata pancha!" Mutie, aliyesoma naye, alimcheka. "Likiinua mkono, mimi nimeshamaliza."

"Nenda huko! Kwani huoni nguvu zake?"

"Nguvu za nini kama hazifiki?"

Maneno hayo yalimchoma Nzilani kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alifungua ukurasa wa Ngurumo akausoma vizuri. Kumbe ile nambari kubwa ilikuwa jumla ya mambo mengi: uzito wa pigo, ugumu wa ngozi, afya na mwendo. Karibu nambari yote ya Ngurumo ilitokana na uzito na ngozi. Mwendo hakuwa nao, na katika mchezo ule mwenye mwendo ndiye anayepiga kwanza.

Baada ya hapo alianza kuwakagua mazimwi wa wenzake. Aliyemvutia zaidi alikuwa Kiseve, zimwi wa Sharmarke. Sharmarke alikuwa mtoto wa Mzee Duale, mfanyabiashara aliyenunua mbuzi kwa Mwangangi, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kucheza.

"Huyu wangu naona haya hata kumtoa," Sharmarke alisema. "Mwembamba kama mjusi wa kiangazi."

Nzilani hakumsahihisha. Alikuwa ameona kwamba Kiseve alikuwa na mwendo wa kasi kuliko wote, na pigo lake liliwatia maadui usingizi. Katika mkoba wake wa mchezo, Nzilani alikuwa na chupa ya dawa inayopandisha nambari ya zimwi kwa muda mfupi. Alimnywesha Ngurumo kwa siri. Nambari ikaruka juu, pembe zikang'aa.

"Tubadilishane?" aliuliza.

"Wallahi! Nguvu zote hizi ni zake?"

"Si unaona mwenyewe?"

Sharmarke alibonyeza kukubali kabla Nzilani hajabadili nia.

Wiki ile Nzilani alishinda kila mechi. Siku ya soko ilipofika, alikuwa amesimama karibu na baba yake wakati kijana mmoja alipoleta beberu mnene. Mwangangi hakuzitazama pembe. Aligonga tumbo, yakasikika maji yakicheza ndani. Kisha akambonyeza kiunoni kwa vidole viwili.

"Huyu ameramba chumvi, ndiyo maana amekunywa hivi," alisema. "Tumbo limejaa, mgongo ni mfupa mtupu. Akishakojoa, nitabaki na pembe na ngozi."

"Mzee, amekula tu vizuri," kijana alijitetea.

"Mrudishe nyumbani. Kwangu kamba haipokelewi kabla kasoro haijatajwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi kati yake na Mzee Duale. Kabla kamba ya mbuzi haijaenda mkono wa pili, muuzaji alitaja kwa sauti kila kasoro ya mnyama. Nzilani alikuwa ameisikia tangu utotoni. Siku hiyo alikumbuka ile chupa ya dawa.

Sharmarke naye alikuwepo, amefuatana na baba yake. "Nimemwambia Abdiwahab anitoe kwenye mashindano," alimwambia Nzilani polepole. "Nimepewa zimwi mkubwa kuliko wote, na bado napigwa hata na mdogo wake Mutie. Nadhani mimi ndiye sijui kucheza."

Nzilani alitazama chini. "Unajua kucheza. Mimi nilimpa Ngurumo chumvi."

"Chumvi gani?"

Alimweleza yote: dawa, mwendo mbovu, na thamani ya Kiseve.

"Ulijua?" Sharmarke aliuliza. "Na ukawa unanitazama nikichekwa?"

"Nilijua. Nilikuwa nakutazama."

Sharmarke alishika njia ya dukani, Nzilani akamfuata. Huko wakabadilishana tena, na jina la Sharmarke likarudishwa kwenye mashindano.

Zilibaki siku chache. Nzilani alimkagua Ngurumo kama mbuzi, akitafuta kilichomo badala ya kinachoonekana. Akamrudishia pigo la tope alilokuwa amelitupa kwa sababu halikuwa na mwanga wa kupendeza. Tope lile lilipunguza mwendo wa adui, na ngozi ya Ngurumo iliweza kuvumilia pigo la kwanza. Siku ya mashindano alimtoa Mutie, ambaye safari hii hakucheka. Katika mechi ya mwisho alikutana na Kiseve. Ngurumo alilala usingizi kabla hajarusha tope hata mara moja.

Sharmarke ndiye aliyeenda Sultan Hamud. Nzilani alipiga makofi, kisha akaenda nyuma ya duka akalia kidogo.

Siku ya soko iliyofuata, Sharmarke alikuja na simu ya baba yake, akiwa ameuweka mchezo humo. "Nilitolewa mapema," alisema akicheka. "Wa huko ni moto! Nataka zimwi wa pili. Una nani?"

"Ninaye Kobe. Kasoro zake ni hizi: moto unammaliza haraka, na pigo lake la tatu hukosea mara nyingi. Fungua ukurasa wake umkague."

Sharmarke alibonyeza kumchukua Kobe bila kufungua ukurasa wowote.

"Humkagui?"

"Si umeshasema?"

Mwangangi, aliyekuwa akifungua kamba hapo kando, aliwasikia, kama alivyokuwa amewasikia siku ya beberu mnene.

"Mwanangu," alisema, "pembe, tumbo lililojaa na nambari kubwa humdanganya mnunuzi mara moja tu. Mtu anapopokea kamba mkononi mwako bila kumshika mnyama mgongo, ujue ameshakukagua wewe. Uaminifu wako ndio mgongo wako."

Kisha akamkabidhi kamba. "Haya, mpeleke beberu huyu kwa Mzee Duale. Na umwambie kwamba anachechemea mguu wa nyuma."