Gasketi Iliyogeuzwa

Enzi za Wajerumani, Rehani alikuwa fundi wa vyuma mjini Dodoma. Alitengeneza taa, baiskeli na cherehani. Kibanda chake kilikuwa karibu na stesheni ya reli, na upepo wa kiangazi ulikijaza vumbi tangu asubuhi. Kila adhuhuri mkewe, Jaha, alimletea ugali wa uwele na mlenda. Jaha alikuwa Mrangi wa Kolo, kule mbele ya Kondoa. Dada yake, Mwamvua, aliishi hukohuko na watoto wake wanne.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Meli za mizigo hazikufika tena pwani, na vipuri vya Ulaya vilikwisha. Vijana walichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Nafaka za ghalani zilichukuliwa pia. Watu walikuwa wamedhoofu kwa njaa, na ndui iliwakuta katika hali hiyo. Ilianzia kaskazini. Habari zilipofika Dodoma, Kolo walikuwa wameshazika watu tisa.

Jumatatu moja treni ilileta chanjo. Gideoni, msaidizi wa nyumba ya dawa, alikuja mbio kibandani kwa Rehani. Yeye ndiye aliyeendesha pikipiki ya nyumba ya dawa. Siku hiyo injini yake ilikuwa imefunguliwa, na silinda iko mezani.

"Fundi, utaifunga lini?" aliuliza.

"Kesho jioni. Nimeifungua kuondoa masizi."

"Siwezi kungoja mpaka kesho. Chanjo hii haipendi joto. Nimeiweka ndani ya chungu, nikakizungushia kitambaa kibichi. Nikiondoka leo mchana, keshokutwa niko Kolo. Ikikaa njiani wiki nzima, nitakuwa nimebeba maji matupu."

Rehani aliitazama meza yake. Kati ya silinda na tumbo la injini hukaa gasketi, yaani kipande cha karatasi nene kinachoziba mwanya ili oili isivuje. Gasketi ya zamani ilikuwa imetoka nzima. Lakini ilikuwa imebanwa mpaka ikawa nyembamba, ngumu kama ukoko wa chungu. Rehani alijua kwamba ilitakiwa mpya. Alijua pia kwamba mpya haipatikani. Basi aliigeuza upande wa pili, akaipaka sabuni, akairudisha mahali pake.

"Itashika," alijisemea.

Injini iliwaka mara ya kwanza tu. Jaha alikuwa amefika na chakula. Akamsogelea Gideoni.

"Kaka, ukifika Kolo mtafute dada yangu Mwamvua. Nyumba yake iko karibu na kisima. Uwachanje watoto wake kwanza."

"Nitawachanja, dada," alisema Gideoni, akaondoka.

Ijumaa Rehani aliona watu wawili wakisukuma pikipiki kutoka upande wa kaskazini. Mmoja alikuwa mfugaji wa Kigogo, jina lake Matonya. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini.

"Wewe ndiye fundi?" aliuliza Matonya.

"Ndiye mimi."

"Kijana wa dawa ametutuma. Kitu hiki kilikufa mbele ya Meia Meia. Kililia kama mbuzi aliyekabwa, kikanyamaza. Yeye ameendelea kwa miguu na chungu chake kichwani."

"Lini?"

"Jumanne asubuhi."

Rehani alihesabu kimyakimya. Kutoka Meia Meia mpaka Kolo kwa miguu ni siku tano, labda sita. Na jua la Oktoba halina huruma. Aliinama chini ya injini. Oili ilikuwa imetambaa kutoka chini ya silinda, ikashikana na vumbi, ikawa tope jeusi. Hakuhitaji kuambiwa imetoka wapi.

Alikwenda kumwita Mzee Mrisho, fundi wa reli aliyefanya kazi na vyuma tangu reli ilipokuwa inajengwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona uso umekusawajika?"

Rehani alimpeleka kibandani. Wakafungua injini pamoja. Pistoni ilikuwa imekwama ndani ya silinda, kavu. Iliwachukua siku nzima kuilainisha kwa mafuta ya taa na kuitoa bila kuivunja. Kisha Mzee Mrisho aliokota gasketi. Ilikuwa imepasuka penye boliti mbili.

"Hii ilitumika mara ngapi?"

"Mara mbili. Niliigeuza."

Mzee Mrisho aliikunja kidogo kwa vidole. Ikakatika.

"Sikiliza, Rehani. Gasketi mpya ni laini. Ukikaza boliti, inajaza kila kijishimo cha chuma. Ikishabanwa na kupikwa na moto wa injini, inakuwa ngumu. Imeshika umbo la pale ilipokaa. Ukiirudisha, haiwezi kujaza tena. Ukiigeuza ndiyo mbaya zaidi, maana bonde linakutana na bonde. Oili inapita hapo. Gideoni alisukuma oili kwa pampu ya mkono kama ulivyomfundisha, nayo ikamwagika njiani."

"Gasketi hazipo, mzee. Meli haziji."

"Gasketi za Ulaya hazipo. Karatasi ipo. Ile pale ni nini?"

Alionyesha kona. Palikuwa na karatasi nene ya kaki iliyofungia misumari. Ilikuwa pale tangu mwezi wa nane.

"Ilikuwepo Jumatatu?" aliuliza mzee.

"Ilikuwepo."

"Basi karatasi haikukosekana. Ulikosa subira ya saa moja."

Akamwonyesha. Kwanza walikwangua mabaki ya karatasi kuukuu kwa kipande cha mti, kwa sababu patasi ingekwaruza chuma, na penye mkwaruzo oili hupita. Walitandaza karatasi juu ya mdomo wa tumbo la injini. Rehani aligonga taratibu kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo, na chuma chenyewe kikaikata karatasi. Akagonga penye matundu ya boliti. Kisha akailoweka kwenye oili.

"Sasa kaza," alisema Mzee Mrisho. "Hii kidogo, halafu ya upande wa pili kidogo. Usimalize moja kabla ya nyingine. Ukiwasha ikapata moto, zima, iache ipoe, ukaze tena."

"Na hii pete ya shaba inayoziba juu ya silinda? Nayo niitupe?"

"Shaba ni kitu kingine. Ichome mpaka iwe nyekundu, itie majini. Italainika. Lakini ikiwa na ufa, itupe. Karatasi haina dawa hiyo."

Mwezi mmoja baadaye Gideoni alirudi kwa miguu. Alikuwa amekonda. Alimkuta Jaha kibandani, akavua kofia.

"Nilifika, dada. Niliwachanja watu mia moja. Hakuna mkono uliovimba, hakuna uliotoa kipele. Chanjo ilikuwa imekufa."

"Watoto wa Mwamvua?"

"Wawili hawapo. Mkubwa na yule anayemfuata. Niliwachanja kwanza, kama ulivyosema."

Jaha aliketi chini vumbini. Hakulia wakati ule. Rehani aliweka spana mezani.

"Jaha," alisema, "pikipiki iliharibika kwa sababu yangu. Nilirudisha gasketi kuukuu. Nilijua."

Jaha aliinuka akaondoka, na kwa siku nyingi hakuleta chakula kibandani.

Mwishoni mwa Novemba treni ilileta chanjo nyingine. Rehani aliifungua tena injini mwenyewe kuikagua pistoni, bila kuambiwa na mtu, akakata gasketi mpya kwa nyundo. Akaiwasha, akaizima, akangoja ipoe. Gideoni alisimama mlangoni na chungu chake.

"Fundi, jua linapanda."

"Lipande. Bado kukaza mara ya pili."

Safari hiyo Gideoni alifika Kolo siku ya pili jioni. Silinda ilikuwa kavu kwa nje kama ilivyotoka Dodoma. Baada ya siku chache mikono ilivimba ikatoa vipele, na watu wakafurahia maumivu yale. Mvua zilipoanza, ndui ilikuwa imekwisha Kolo. Tangu hapo Rehani hakurudisha tena gasketi ya karatasi, hata mwenye chombo alipomsihi na kumkaripia.

Jaha alikwenda Kolo kuhani msiba, akakaa mwezi mzima. Aliporudi, Rehani alimpokea mzigo.

"Waliobaki?" aliuliza.

"Wazima. Wote wawili wana kovu la chanjo."

"Ulimwambia Mwamvua habari ya gasketi?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Aliuliza karatasi hiyo ina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa kiganja changu."

"Kisha?"

"Kisha akaendelea kutwanga," alisema Jaha, akaingia ndani.