Mbwa Aliyefungwa Bombani

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tatu Machi, saa kumi alasiri, mbwa alipoanguka mara ya kwanza. Alikuwa amejilaza jikoni. Akainua kichwa kama aliyeitwa, kisha akaanguka ubavu, taya zikisagana, mguu wa mbele wa kushoto umejikunja kifuani. Jikoni kote kukanuka nywele zilizoungua, na jiko lilikuwa limezimwa.

Fundi magodoro alisimama mlangoni, pamba imemganda ndevuni. Mkono wa kushoto wa marehemu mkewe ulikuwa ukijikunja vivyo hivyo.

"Astaghfirullah," alinong'ona.

Mbwa alikuwa wa mkewe. Mke alimwita Shemeji, kumtania mumewe: "Shemeji kaja, mbona humkaribishi?" Mke alikuwa na kifafa, na Shemeji alikijua kabla hakijafika, akimsukuma kwa pua mpaka aketi chini. Lakini fundi hakumpenda. Unyoya mmoja ukiingia kwenye pamba, mteja anarudisha godoro. Siku aliyofariki mkewe, akiwa na magodoro ya bweni zima ya kumaliza, alimfunga mbwa nje, bombani. Mbwa alibweka hadi sauti ikakauka.

"Nyamaza, mjinga wewe!" fundi alifoka, akaendelea kuchambua pamba.

Alipoingia kunywa maji, mkewe alikuwa kifudifudi, uso ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa.

Watu aliwaambia ni ajali. Kamba hakuitaja.

Sasa mbwa alianguka kila siku, na mbavu zilihesabika. Daktari wa mifugo alimpima, akatoa vidonge, akakiri haoni ugonjwa. Mama mkwe, aliyekuja msibani na hajaondoka bado, alimvuta fundi pembeni.

"Baba, huyu haumwi. Huyu kapandwa na jini. Mwite maalim amsomee."

"Mbwa, mama? Watu watatucheka."

"Na wacheke. Ndiye aliyenibakia wa mwanangu. Akifa huyu, nimezika mara mbili."

Fundi akainamisha kichwa. Kicheko hakikuwa hofu yake. Jini akisomewa husema, na huyu alikuwa na la kusema. Alipiga kalenda mpaka mbwa akashindwa kusimama. Ndipo akaenda kumwita maalim.

"Nimesomea watu, nimesomea mbuzi, hata pikipiki," maalim alisema akivua viatu. "Mbwa ndiyo leo."

Akaketi kando ya mbwa. Akaanza kusoma, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka sakafuni, ikajaa puani na kooni, na mbwa akakunja ule mguu wa kushoto, akafumbua macho yasiyokuwa yake, na kutoka katika koo lile kavu ikaja sauti nyembamba ya mtu aliyelala muda mrefu, ikisema kwamba ilikaa kwa mwanamke tangu usichana wake, na kila ilipotaka kumwangusha ili imwue, mnyama huyu aliiwahi, isipokuwa siku moja, siku moja tu.

"Nani alikufungulia njia?" maalim aliuliza.

"Mimi," fundi akadakia kabla sauti haijajibu. "Mama, siku ile nilimfunga mbwa. Alibweka, nikamsikia."

Mama mkwe alimtazama. "Ulimfungia nini?"

"Manyoya, mama. Yanaingia kwenye pamba."

"Manyoya," mama akarudia, taratibu.

Mbwa akapiga chafya, akasimama akiyumba, akatafuta maji. Mama mkwe hakulaani. Alifunga nguo zake, akatoka, na mbwa akamfuata bila kuitwa.

Mlangoni maalim alivaa viatu bila haraka.

"Kwa mbwa katoka," alisema chini chini. "Kutoka nyumbani, sikumsikia."

Jua lilipozama fundi alitandika mkeka, akasali, akainua mikono.

"Mola wangu, mghufirie mke wangu. Lipanue kaburi lake."

"Amina," ikaitikia sauti nyembamba, nyuma ya bega lake.

Hakugeuka, wala hakuishusha mikono.

"Mola wangu," akaendelea, "mpe nuru huko aliko. Alibisha mlango kwa sauti ya mnyama, nami sikufungua. Wewe mfungulie."