Pipa la Mtaa na Taa ya Kwanza

Kila alipotoka shuleni, Orlane alipitia bombani kuchota maji kabla ya kugusa daftari. Ilikuwa miaka ya vita, na nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo. Mjini Bujumbura mafuta ya taa yakawa adimu kuliko sukari. Kwa hiyo mtaa wao wa Nyakabiga ulipogawiwa pipa zima, wanawake walimchagua Odette, mama yake Orlane, alitunze. Walimjua kuwa mwanamke asiyegusa kisicho chake. Kila Jumamosi alijifungia uani na pipa, akajaza chupa za majirani, kisha akawapa mlangoni.

Lakini Jumatatu hiyo watu walikuwa wakinong'ona bombani.

"Amefika mtoto wa tajiri wa mafuta!" alisema Ingrid, rafiki yake Orlane wa darasani. "Jana taa yetu ilitema cheche, ikazima. Mama anasema mnachanganya maji."

"Apana! We Ingrid, unamjua mama yangu!"

"Mi najua taa imezima. Mtihani umekaribia, nitasoma na nini? Tena hilo pipa, nani amewahi kuliona ndani?"

Orlane alijitwika ndoo yake, akaondoka. Swali hilo hata yeye alikuwa amejiuliza. Wiki iliyopita, mama yake alipokuwa sokoni, alifungua kizibo cha pipa ili aone mafuta yamebaki kiasi gani. Mara akasikia mama anabisha mlango, akakirudisha kizibo upesi bila kukikaza. Baadaye mvua kubwa ilinyesha, na pipa lilikuwa uani, chini ya ukingo wa bati.

Alipofika nyumbani alimkuta Epiphanie, mama yake Ingrid, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jumamosi nitauambia mtaa wote pipa litoke hapa, liende kwa mfanyabiashara," alisema Epiphanie. "Yule angalau tunajua ni mwizi!"

"Semeni mtakavyo," Odette alijibu. "Mikono yangu ni safi. Sina la kumwonyesha mtu."

Epiphanie alipoondoka, Odette alikaa kumenya mihogo. Orlane hakuweza kuvumilia. Alipiga magoti kando ya beseni, akaeleza yote: kizibo, haraka yake, na mvua.

Odette aliweka kisu chini. "Kwa nini ulichungulia, mwanangu?"

"Nilitaka kujua yamebaki kiasi gani. Kila mtu anataka kujua, Mama. Ila wanaogopa kukuuliza."

Orlane alingoja kuchapwa, lakini mama yake alirudi kumenya mihogo, uso umejaa mawazo.

Jumamosi ilipofika, Odette alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alifungua lango la ua wazi kabisa, akawakaribisha majirani wote ndani.

"Ni kweli, maji yameingia," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kosa limetokea nyumbani kwangu."

"Ni mimi niliyefungua kizibo, sikukikaza," Orlane aliongeza. "Mama hakujua."

Odette aliingiza mpira wa maji hadi chini ya pipa, kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji, akayavuta maji yakamwagikia kwenye beseni mbele ya macho yao. Yalipokwisha, akachukua taa yake mwenyewe.

"Kwetu, mwenye kuwapa wageni pombe ya ndizi huonja wa kwanza, nao wakimwona," alisema. "Mafuta hayaonjwi..."

"Onja tu, dada, tukuone!" mzee mmoja alidakia, watu wakacheka.

"...lakini yanawashwa." Alijaza taa, akawasha kiberiti. Moto ulisimama wima, bila cheche hata moja. Kisha akachovya kijiti ndani ya pipa, akakipitisha mkono kwa mkono, kila mtu ajionee kina cha mafuta yaliyobaki.

Epiphanie alikishika kijiti, akainamisha kichwa. "Nisamehe, Odette. Nimekusema vibaya sana."

"Matusi nimeyasamehe. Lakini kuuliza ilikuwa haki yako, pipa ni lenu," alijibu Odette. Akamgeukia binti yake, akamwekea mkono begani. "Nilidhani uaminifu wangu unanitosha mwenyewe, nikafunga mlango. Wewe umesema ukweli mbele ya watu, Orlane, na umenifundisha kuufungua. Anayetunza mali ya watu wote awaonyeshe wenyewe, hata kama hajaiba kitu."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, taa ya kwanza kujazwa na kuwashwa ilikuwa ya Odette, na lango lilibaki wazi. Jioni ile Ingrid alikuja na daftari lake kwapani.

"Sogea," alimwambia Orlane. "Taa yenu imeshajaribiwa, yetu bado."

Wakasoma pamoja, vichwa vikigusana.