Suti ya Nailoni na Mtungi wa Bluu

Kila asubuhi Munira alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akajaza maji mtungi wa udongo. Mtungi huo alikuwa ameupaka rangi ya mafuta ya bluu kabla ya sikukuu ya Idi, na majirani wa kijijini Naipingo walimsifu sana. Tangu hapo maji yake hayakupoa, mama akawa ananung'unika. Munira hakujali. Alijiona fundi kuliko mafundi wote wa Nachingwea.

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, ulipofika, alipata kazi nyingine. Unga wa salfa ulimwasha baba yake, Saburi, hata usingizi ukampaa. Munira akachukua mifuko ya nailoni, akamshonea koti na suruali. Shingoni na mikononi alikaza kwa mpira.

"Humu hata sisimizi hapiti!" Saburi alicheka. "Fundi wangu huyo!"

Jumamosi Saburi alianza kazi umande ungali kwenye majani, mashine ya kupulizia ikinguruma mgongoni. Munira alikaa mbali na vumbi, pamoja na madumu ya maji. Mashine ilikuwa ya kuazima na ilitakiwa kurudi kwa mwenyewe mchana, kwa hiyo jua lilipopanda Saburi hakupumzika. Mara akaanza kupepesuka. Akaita jina la marehemu kaka yake, kisha akaanguka.

Munira alimkimbilia, akazima mashine, akamgusa shingo. Ilikuwa ya moto. Alipiga yowe.

Dionisia, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akikata ufuta shamba la jirani. Alifika mbio, akaichana nailoni kwa mundu. Jasho likachuruzika kutoka ndani.

"Tumvute kivulini! Wewe mmwagie maji mwilini, mimi nampepea. Asinywe mpaka azinduke vizuri."

Munira alimwagia maji huku akilia. Alijua kwamba baba akifa, ni kwa sindano yake.

Hatimaye Saburi alifumbua macho, akamwita bintiye kwa jina. Wakampakia kwenye bodaboda hadi zahanati, na jioni akarudi nyumbani, mnyonge lakini mzima.

Dionisia alikuja kumjulia hali. Akapewa maji, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Mbona maji ya mtungi yana uvuguvugu?"

"Muulize fundi aliyeupaka rangi," mama alijibu.

Dionisia aliweka kikombe chini. "Basi mwanangu, kosa moja umelifanya mara mbili. Mtungi una vitundu vidogo. Maji hupenya, hukaukia nje, na yakikauka huondoka na joto. Mwili nao ni hivyo hivyo. Ukipata joto hutoa jasho, na jasho likikauka mwili hupoa. Ndani ya nailoni jasho la baba yako lingekaukia wapi?"

Munira aliinamisha kichwa. "Sasa salfa ataikinga na nini, shangazi?"

"Nguo za pamba za mikono mirefu, barakoa na miwani. Aanze mapema, anywe maji, jua likiwa kali aache. Mashine ya watu itasubiri. Na wewe ufundi usiuache, ila kabla hujaziba kitu, uliza kwanza kwa nini kiliachwa wazi."

Kesho yake Munira alishinda akiukwangua mtungi kwa msasa. Ukabaki na mabaka mabaya ya bluu, na hakuna jirani aliyeusifu. Siku iliyofuata Saburi alinywa kikombe kizima bila kupumua.

"Haya sasa ndiyo maji," akasema, akaomba kingine.